UZI: Vifaa vinavyodondoka kutoka juu vinatumalizia watu saiti. Helmeti peke yake haitoshi

Timazi (mleta uzi)

Wakuu salaam.

Jengo likiporomoka nchi nzima inajua. Kariakoo Novemba 2024 hakuna aliyekuwa hafuatilii taarifa za uokoaji. Lakini koleo likimpata saidia fundi begani kutoka ghorofa ya sita, habari inaishia getini. Anapakiwa kwenye bajaji, msimamizi anatoa hela kidogo "ya dawa", kesho yake anachukuliwa kibarua mwingine na zege linaendelea kumwagwa. Nimeanza ujenzi kwa kubeba karai, leo nasimamia, na nimechoka kusikia suala hili likijibiwa kwa maneno mawili: vaeni helmeti.

Tuanze na hesabu, maana wengi hawajawahi kuipiga. Ghorofa moja chukulia mita 3. Kifaa kikidondoka kutoka ghorofa ya kumi, yaani mita 30 hivi, kinafika chini kwa sekunde mbili na nusu tu, na kinapogonga kina mwendo wa karibu kilomita 87 kwa saa. Hapo sijahesabu hewa kukizuia, na kwa nyundo hewa haisaidii kitu. Kutoka mita 10 tu ni kilomita 50 kwa saa.

Sasa helmeti. Kiwango cha Ulaya cha helmeti za viwandani, EN 397, kinazipima kwa kudondosha chuma cha kilo 5 kutoka mita 1 juu ya kofia. Nguvu inayopenya mpaka kichwani isizidi kilonewtoni 5, yaani kama uzito wa kilo 500 hivi. Kipimo cha kishindo ni hicho. Nyundo ya kilo 1 inaleta kishindo kilekile ikidondoka mita 5 tu, yaani hata ghorofa mbili haijamaliza. Kutoka mita 30 ni mara sita ya kile ambacho kofia ilipimiwa. Na sijataja helmeti za sokoni ambazo hakuna anayejua zilipimwa wapi. Boliti ya gramu 200, ambayo mtu anaitia mfukoni na kuisahau, ikitoka mita 25 inafikia kipimo hicho peke yake.

Na hapo ni kama imekupiga utosini. Ikikupata shingoni, begani, mgongoni au kwenye mkono ulionyoosha kupokea ndoo, kofia haihusiki kabisa.

Sisemi watu wavue helmeti. Anayevua helmeti kwenye saiti yangu anatoka getini. Ninachosema ni kwamba kofia ni kinga ya mwisho, na sisi tumeifanya ya kwanza na ya pekee. Kazi ya kuzuia inatakiwa ifanyike juu, kabla kifaa hakijaponyoka: kifungwe kamba, jukwaa liwe na ubao wa ukingo, chini pafungwe watu wasipite. Mwenye uwezo wa kuzuia ni aliye juu na anayemlipa. Anayeumia ni aliye chini, ambaye mara nyingi ndiye analipwa kidogo kuliko wote na hana sauti ya kumwambia fundi "funga nyundo yako".

Naomba tuchangie kwa uzoefu. Mafundi, vibarua, wakandarasi, watu wa afya, wote karibuni. Majina ya kampuni tuyaache, tuongelee kazi.

---

Karai_Kichwani

Mkuu Timazi umenigusa. Mimi bado ni saidia fundi, kwa hiyo naongea kutoka chini huko unakokusema.

Kitu kinachonitisha kuliko nyundo ni ndoo ya kapi. Nyundo inadondoka siku moja moja. Ndoo inapanda kutwa nzima juu ya vichwa vyetu. Ndoo zenyewe ni zile za plastiki za rangi, ya lita 20, mkono wake ni waya umechomekwa kwenye vitundu viwili pembeni. Ikishabebea zege wiki kadhaa, vile vitundu vinapanuka na plastiki inapauka kwa jua. Ukiangalia kwa karibu utaona ufa mdogo mweupe unaanzia kwenye kitundu kuelekea mdomoni. Siku ufa ukifika mdomoni, waya unachomoka upande mmoja na ndoo inapinduka. Na hiyo si kilo moja, ni ndoo ya zege.

Halafu ndoano. Saiti nyingi nilizopita ndoano ni kipande cha nondo kimekunjwa herufi S. Hakina mlango wa kuzuia mkono wa ndoo usitoke. Ndoo ikigonga ukingo wa slabu (sakafu ya zege) inanyanyuka kidogo, waya unachomoka, kwisha.

Aliyeumia namfahamu, tulikuwa tunapanga chumba pamoja. Ndoo haikumpiga yenyewe, ilipasukia kwenye bomba la jukwaa na vipande vya zege vikamjia usoni na begani. Mfupa wa bega ulivunjika. Alikaa nyumbani miezi, sisi tukawa tunamchangia kila Jumamosi tukilipwa. Msimamizi alisema ajali haina kinga. Mimi nauliza, ufa ulioonekana kwa macho tangu asubuhi, hiyo nayo haina kinga?

---

Timazi (mleta uzi)

Pole sana kaka, na pole kwa mwenzio. Hili la ndoo niseme wazi: kwenye kapi tumia ndoo ya chuma au mfuko wa turubai wenye mikanda inayopita chini ya mfuko wenyewe, usijazwe mpaka mdomoni. Ndoano inunuliwe yenye ulimi unaojifunga. Duka la vifaa vya kunyanyulia mizigo wanayo na haimfilisi mtu. Na anayepokea chini asisimame chini ya kamba. Afunge, asogee pembeni, ndipo aite juu wavute. Utaratibu huo haununuliwi.

---

Mjengo254

Habari zenu majirani. Niko Nairobi, kazi yangu ni mjengo, zaidi fomu (mbao za kushikilia zege mpaka likauke) na steel fixing, yaani kufunga nondo za slabu.

Hapa kwetu shida kubwa naiona wakati wa kutoa fomu. Slabu ikishakauka, fundi anapanda na mtaimbo na nyundo kutoa mbao, props (nguzo za muda) zinaondolewa, na kila kitu kinatupwa chini kwa sababu kuzishusha kwa mkono kunakula muda na kazi ni ya kipande. Mbao ina misumari mitatu minne, inaanguka ikijizungusha. Huwezi jua itatua wapi. Ikigonga ukingo wa slabu ya chini inaruka nje kabisa, mpaka kwa barabara.

Watu wengi hufikiri kitu kinaanguka wima, kwa hivyo ukisimama mita mbili kando uko salama. Si kweli. Kuna kisa kinachojulikana cha Jersey City, Marekani, Novemba 2014. Futi ya kupimia, ile ya utepe yenye uzito wa nusu kilo hivi, ilichomoka kwa mshipi wa mfanyakazi aliyekuwa juu ya jengo la ghorofa hamsini. Ilianguka takriban futi 400, karibu mita 120, ikagonga chuma karibu na ardhi ikabadilisha njia, ikampata kichwani mtu aliyekuwa amekuja kuleta vifaa vya ujenzi. Alifariki. Hakuwa mfanyakazi wa hapo juu, na hakuwa na helmeti kichwani wakati huo. Futi tu, kitu ambacho kila mmoja wetu anatembea nacho kiunoni.

Baada ya hapo Wamarekani walikuja na kiwango maalum cha vifaa vya kuzuia zana zisianguke, ANSI/ISEA 121 ya 2018. Kinapima kamba za zana, sehemu ya kufungia kwa zana, sehemu ya kufungia kwa mtu au jengo, na mifuko ya kubebea. Kabla ya hapo kila mtu alikuwa anafunga kamba ya viatu anaita usalama.

---

DarajaLaSaba

Wakuu, mimi ni mkandarasi mdogo, daraja la saba CRB (Bodi ya Usajili wa Makandarasi), kwa hiyo nitasema upande ambao hamtaupenda.

Kila kitu mnachosema ni kweli lakini kina gharama, na gharama hiyo haimo kwenye bei tunayoshindania. Mwenye nyumba anakuja na bajeti ya tofali na saruji. Ukimwekea neti, ubao wa ukingo, kamba za zana na mtu wa kulinda eneo la chini, anakwenda kwa fundi wa mtaani ambaye hana hata kibao cha mradi. Mimi nawapa vijana wangu helmeti, gambuti na riflekta. Nikiongeza kamba wanazikataa wenyewe. Fundi ananiambia kamba inamnasa kwenye nondo na inamchelewesha, na yeye analipwa kwa mita za mraba.

Sitetei. Nauliza kwa dhati: kwa mjengo wa ghorofa mbili tatu, kipi ni cha lazima na kipi kinaweza kusubiri?

---

Timazi (mleta uzi)

Mkuu DarajaLaSaba, swali lako ni la maana kuliko yote mpaka sasa na nakushukuru kwa kusema ukweli. Nakujibu kwa mpangilio ambao mimi ningeufuata na mfuko mdogo.

Cha kwanza hakina gharama kabisa: ratiba. Kama kuna watu wanapiga plasta nje ghorofa ya tatu, usipange watu wa bomba la maji taka wafukue msingi upande huohuo. Wapeleke upande wa pili. Ajali nyingi za namna hii nilizoziona zilihitaji vitu viwili kwa wakati mmoja, kifaa kinachodondoka na mtu aliye chini. Kifaa kuponyoka utapunguza tu, lakini mtu kuwa chini unaweza kuondoa kabisa kwa kupanga kazi.

Cha pili ni utepe wa rangi na vigingi, na mtu mmoja mwenye amri ya kusema "huku hapapitiki". Uzio uwe mpana, maana kama alivyosema Mjengo254, kitu kikigonga bomba la jukwaa hakiji wima tena.

Cha tatu ni ubao wa ukingo. Kwenye jukwaa, mbao unazo tayari. Ulaya wanataka ubao wa kusimama kwenye ukingo wenye kimo cha angalau sentimita 15, Marekani wanakubali inchi tatu na nusu. Mabanzi ya fomu ya inchi sita yanatosha ukiyafunga vizuri. Hiki ndicho kinachozuia ile tofali nusu, ile tindo, ile pimamaji ambayo mtu anaisukuma kwa mguu bila kujua. Ukingo ukiwa wazi, teke moja linatosha. Na zile mbao za kukanyagia zisiwe na mianya ambayo mwiko unapita.

Kamba za zana naziweka ya nne kwenye mjengo mdogo, lakini kuanzia ghorofa ya tatu kwangu si hiari. Suala la kunasa kwenye nondo ni la kweli, fundi wako hakudanganyi. Linatokana na kamba ndefu. Kamba inatakiwa ifike urefu wa mkono ulionyooshwa, basi. Ile ya kujikunja yenyewe kama waya wa simu za zamani ndiyo nzuri zaidi. Nyundo, koleo, spana na futi vifungwe kwenye mshipi. Kitu kizito, tuseme kuanzia kilo 2 na kuendelea, kama nyundo kubwa, grinda au drili, usikifunge mwilini mwa mtu kabisa, kifunge kwenye jengo au jukwaa. Kikiponyoka kikiwa kiunoni kinaweza kumvuta mtu mwenyewe akafuata.

Kuhusu malipo ya mita za mraba, hapo ndipo penye mzizi. Ukimlipa mtu kwa haraka yake, usishangae akitupa mbao badala ya kuzishusha. Weka kushusha mbao kama kazi yenye bei yake kwenye makubaliano. Nimelifanya hilo na mafundi walikubali bila ubishi, kwa sababu hawatupi kwa kupenda.

---

Sista_Zamu

Habari zenu ndugu zangu. Mimi ni muuguzi wa idara ya dharura, si mtu wa ujenzi, ila hawa majeruhi wenu tunawapokea sisi. Naomba niongee kuhusu dakika za mwanzo, maana hapo ndipo tunapoteza watu ambao wangeishi.

Linalotuumiza zaidi ni yule aliyepigwa kichwani, akazimia kidogo, akaamka, akasema "niko sawa". Wenzake wanamkalisha kivulini, wanampa maji au soda, anarudi kazini au anapelekwa nyumbani akalale. Saa chache baadaye hawezi kuamshwa. Kinachotokea ni kwamba mshipa wa damu umepasuka ndani ya fuvu, mara nyingi pembeni juu ya sikio ambapo mfupa ni mwembamba. Damu inajikusanya taratibu kati ya fuvu na utando wa ubongo. Mwanzoni nafasi bado ipo, mtu anaongea vizuri. Nafasi ikiisha, ubongo unabanwa. Akiwahi kufanyiwa upasuaji ana nafasi kubwa ya kupona. Akilazwa nyumbani "apumzike", hana.

Kwa hiyo aliyepigwa na kitu kichwani kutoka juu aende hospitali hata kama anacheka. Njiani na baadaye muangalieni: kichwa kuuma kunakoongezeka, kutapika, usingizi usio wa kawaida, maneno yasiyoeleweka, mboni moja ya jicho kuwa kubwa kuliko nyingine, upande mmoja wa mwili kulegea, damu au maji meupe kutoka sikioni au puani. Hayo maji msiyazibe kwa pamba.

Kama ameanguka na hajitambui, chukulieni kwamba shingo nayo imeumia. Kitu kilichompiga utosini kimesukuma uti wa shingo pia. Msimnyanyue kwa kumkamata kwapa na miguu kama gunia. Mtu mmoja apige magoti kichwani, ashike kichwa kwa mikono miwili kisicheze, wengine wamviringishe kwa pamoja kwenye ubao mpana. Ubao saiti haukosekani. Damu ikitoka, kandamizeni kwa kitambaa safi. Ila kama mnahisi mfupa umebonyea, kandamizeni pembeni yake, si juu yake. Kama msumari au kipande cha nondo kimemchoma na bado kimo, kiacheni hapohapo, kizungushieni vitambaa kisicheze. Kukichomoa ni kazi ya chumba cha upasuaji.

Na msimpe kitu chochote mdomoni. Hata maji.

Kwa Dar majeruhi wa kichwa wanaohitaji upasuaji wengi huishia MOI, taasisi ya mifupa na ubongo pale Muhimbili, lakini msiruke hospitali ya karibu mkijaribu kufika huko kwa bajaji. Wafike kwanza mahali penye oksijeni.

---

Karai_Kichwani

Dada asante sana. Hilo la soda tumelifanya sote tukijua ni wema. Nalipiga skrini nalipeleka kwenye grupu letu la WhatsApp la saiti.

---

Mswahili_Ughaibuni

Wakuu, nipo Ghuba, kazi za ujenzi wa majengo marefu.

Niliyoyakuta huku kwenye miradi mikubwa: huingii juu ya kimo fulani na zana isiyofungwa. Kuna mtu kwenye mlango wa lifti ya mizigo, anakukagua mshipi. Zana zako zimeorodheshwa, unapanda nazo kumi unashuka nazo kumi. Ikipungua moja, kazi ya upande ule inasimama mpaka ionekane, maana kuna nyundo imelala mahali ukingoni inasubiri upepo au mguu wa mtu. Kwenye miradi midogo mambo ni tofauti na wanaoumia ni sisi wageni, kwa hiyo msidhani huku ni peponi.

Kitu kingine walichotufundisha ambacho nyumbani sikuwahi kukisikia ni kuhusu kupiga kelele. Sisi nyundo ikidondoka tunapaza sauti, na aliye chini anafanya nini? Anainua uso kuangalia. Mtu anageuza kofia nyuma na kuweka uso wake palipokuwa na utosi. Mleta uzi amesema sekunde mbili na nusu kutoka ghorofa ya kumi. Toa muda wa fundi kushtuka na kufungua mdomo, toa muda wa wewe kusikia na kuelewa, imebaki nini? Huku tumefundishwa: ukisikia sauti, usiangalie juu, usikimbie hovyo. Kama kuna ukuta au paa la slabu hatua moja kutoka ulipo, ingia. La sivyo inamisha kichwa, pandisha mabega, jikunyate. Tulifanyishwa mazoezi mpaka ikawa ya kawaida mwilini.

---

Pimamaji

Swali kwa wataalamu wa sheria. Kibarua hana mkataba, hana kitambulisho, ameajiriwa na fundi ambaye amepewa kazi na mkandarasi. Koleo limemvunja mkono. Anadai wapi? Huku tunaambiwa "wewe si mwajiriwa".

---

Wakili_Mtaani

Mkuu Pimamaji, hiyo kauli ya "wewe si mwajiriwa" inawanyima watu haki zao kila siku, na mara nyingi si sahihi.

Tanzania tuna Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi, Sura 263, na mfuko wake ni WCF, ulioanza kupokea michango Julai 2015. Mchango unalipwa na mwajiri peke yake, sasa ni asilimia 0.5 ya mishahara anayolipa. Akikukata wewe kwa jina la WCF anavunja sheria. Na mkataba wa kazi unaotambuliwa si lazima uwe wa maandishi. Makubaliano ya mdomo nayo ni mkataba, ulipwe kwa siku au kwa kazi uliyofanya. Mfuko unagusa matibabu, malipo kwa kipindi ambacho huwezi kufanya kazi, ulemavu wa kudumu, ukarabati ili urudi kazini, msaada wa mazishi na pensheni kwa wategemezi akifariki.

Mbali na fidia kuna Sheria Na. 5 ya 2003 ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, inayosimamiwa na OSHA, wakala wa serikali wa usalama kazini. Hiyo inamtaka mwajiri asajili sehemu ya kazi, atoe vifaa kinga na aripoti ajali. Kwa hiyo ajali inaripotiwa kote kuwili, na wewe kulipwa na WCF hakumwondolei mwajiri wajibu wake kwa OSHA.

Kinachowaangusha vibarua ni ushahidi. Fanya hivi mapema, siku ileile kama inawezekana. Mjulishe mwajiri kwa njia inayobaki, hata ujumbe wa simu. Piga picha ulipoumia na kifaa kilichokupiga kabla hakijasafishwa. Andika majina na namba za waliokuwepo. Piga picha ukurasa wa daftari la mahudhurio wenye jina lako, na hifadhi miamala ya malipo uliyokuwa ukitumiwa kwa simu, hiyo inaonyesha nani alikuwa anakulipa na tangu lini. Hospitali waeleze wazi kwamba umeumia kazini na hakikisha imeandikwa hivyo kwenye faili. Nimeona madai yakikwama kwa sababu faili lilisema "ameanguka nyumbani", na aliyetoa maelezo hayo ni msimamizi aliyempeleka majeruhi.

Jina la kampuni kuu lipo kwenye kibao cha mradi getini. Piga picha na hicho kibao.

---

Mjengo254

Kwa upande wa Kenya ni WIBA, sheria ya 2007 ya fidia kwa wanaoumia kazini. Mwajiri anafaa kuwa na bima ya wafanyakazi wake, na ajali inaripotiwa DOSHS, idara ya serikali ya usalama na afya kazini. Vibarua wa siku wamo. Sheria ya usalama kazini, nayo ni ya 2007, inasema ukiona hatari kubwa ya karibu unamwambia msimamizi, na hafai kukulazimisha uendelee mpaka arekebishe. Wengi wetu hatujui hilo. Tunadhani kukataa kusimama chini ya fundi anayetoa fomu ni kukataa kazi.

---

Binti_wa_MamaLishe

Shikamooni wakubwa. Mmeongea sana kuhusu mafundi na vibarua, naomba mtukumbuke na sisi.

Mama yangu anapika kwenye saiti. Kila jengo linapoanza anahamia pale, kwa sababu wateja wake ndio hao. Na anapewa sehemu gani? Ile ambayo hawaihitaji, pembeni ya ukuta wa jengo, chini ya kivuli cha jukwaa. Anakaa hapo asubuhi mpaka saa nane, sufuria jikoni, hana helmeti, hana chochote, na saa ya kula watu wote wanakusanyika hapohapo chini ya jukwaa na helmeti wamezivua kwa joto. Juu kuna waliochelewa kushuka wanamalizia. Kipande cha tofali kimeshawahi kutua kwenye sufuria ya maharage. Kingesogea kidogo kingemtua yeye.

Hakuna kikao cha usalama ambacho mama amewahi kuitwa. Naomba kuuliza, mleta uzi, nyie wasimamizi hamuwezi kuwapa hawa mama sehemu mbali na ukuta, yenye paa?

---

Timazi (mleta uzi)

Marahaba mwanangu. Tunaweza, na kwa kweli ni wajibu wetu. Saiti yoyote ina mahali pa kuhifadhi saruji pakavu penye mabati. Kama saruji inapata paa, mama anayelisha watu hamsini atakosaje? Eneo la kula liwe upande wa geti, mbali na jukwaa, na saa ya chakula juu kusibaki mtu. Kengele ikilia wote wanashuka. Hili naliongeza kwenye mpangilio niliompa DarajaLaSaba, tena naliweka pamoja na lile la kwanza, kwa sababu ni la ratiba.

Na wapita njia ni hivyohivyo. Mijini tunajenga mpaka kwenye mstari wa barabara. Pale panatakiwa paa la mbao nzito juu ya njia ya waenda kwa miguu. Neti za kijani zinazuia vumbi na vipande vidogo. Nyundo inazipasua.

---

DarajaLaSaba

Nimesoma yote. Jumatatu nahamisha jiko la mama lishe wetu na nimemwambia fomani tufunge upande wa barabara. Kwenye kutoa mbao nitaweka bei ya kushusha kama ulivyosema. Kamba naanza na mafundi wa ghorofa ya juu.

Sasa swali la kiufundi: nyundo za vijana wangu zina mipini ya mti. Kamba naifunga wapi? Nitoboe mpini?

---

Timazi (mleta uzi)

Usitoboe, utaudhoofisha. Na kwenye mpini wa mti kuna shida kubwa kuliko ya kuponyoka mkononi: kichwa kuchomoka kwenye mpini. Kamba ikifungwa kwenye mpini inaokoa mpini, kichwa kinakwenda zake. Wakati wa kiangazi mti unasinyaa, kichwa kinalegea. Mafundi wanaloweka nyundo kwenye ndoo ya maji usiku, asubuhi imekaza. Lakini ule mti uliovimba unabonyezwa na chuma, ukikauka unakuwa mdogo kuliko mwanzo, na mchana jua likiwaka kichwa kinacheza zaidi ya jana. Hiyo ndiyo nyundo inayopanda ghorofa ya nne.

Kwa kazi ya juu nunua nyundo ambazo kichwa na mpini ni chuma kimoja, au za mpini wa fiba zilizogandishwa kiwandani. Baadhi zina tundu la kamba tayari mwishoni mwa mpini. Zile za mti zibaki chini. Kama huwezi kuzibadilisha wiki hii, gonga kabari mpya ya chuma kichwani, kisha pitisha waya wa kufungia nondo msalaba juu ya kichwa, ushuke nao pande zote mbili za mpini, uuzungushe na ukaze kwa koleo mpaka usisogee. Kitanzi cha kamba kipite chini ya waya huo, ili kichwa na mpini vyote viwe vimeshikwa. Hiyo ni ya muda tu.

Na kila asubuhi kabla ya kupanda, shika kichwa cha nyundo kwa mkono mmoja, mpini kwa mwingine, zungusha. Ikicheza hata kidogo haipandi.

---

Karai_Kichwani

Mkuu, na helmeti zetu? Nyingine hazina zile mikanda za ndani. Unaivaa inakaa juu ya kichwa moja kwa moja kama bakuli.

---

Timazi (mleta uzi)

Hiyo irudishe stoo leo. Mikanda ya ndani ndiyo inayofanya kazi. Inaacha nafasi kati ya gamba na kichwa, kishindo kinamezwa hapo. Gamba likigusa utosi, kila kinacholipiga kimekupiga wewe. Ndani ya helmeti halali kuna alama ya duara yenye mwaka katikati na mshale unaoonyesha mwezi iliyotengenezwa. Angalia umri wake, hasa kama imekaa juani muda mrefu. Ikishapigwa mara moja kwa nguvu inatupwa, hata kama hakuna ufa, na ikatwe kwanza kwa msumeno ili asiiokote mtu jalalani akaivaa. Mwambie msimamizi wako umepewa kofia isiyo na mikanda, na mwambie mbele ya wenzako.